Tofauti Arobaini na Moja Kichwani mwa Bi Leokadia

Nchi yenyewe ilikuwa na jina zuri tu, ila wakati mambo haya yanatokea jina lilikuwa limepelekwa kwenye kamati likaongezwe sifa, na lilikuwa halijarudi. Kwa hiyo sisi tutaiita nchi. Wenyewe walikuwa wanajuana.

Katika nchi hiyo hapakuwa na foleni. Waziri wa Mipangilio alizifuta kwa tangazo la redio, saa saba kamili mchana, na ilipofika saa saba na dakika tano watu waliosimama mmoja nyuma ya mwingine hospitalini, bombani na kwenye ofisi za vitambulisho wakaambiwa kwamba wao si foleni tena, ni hadhara ya wazalendo iliyojinyoosha. Wakashukuru. Wakaendelea kusimama.

Na ikitokea foleni imeonekana mahali kwa bahati mbaya, serikali haikuwa na ugomvi na wananchi, hapana. Ilikuwa inakamata kile kilichoisababisha. Bomba la mtaa wa Mchikichini Juu lilikamatwa hivyo. Lilichukuliwa na askari wanne, likafungiwa kituoni, na hadi leo linadondosha maji huko ndani peke yake, wala halijafikishwa mahakamani.

Sasa, mtaa huohuo kulikuwa na msusi mmoja aitwaye Siwema. Kibanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta wa maktaba ya wilaya. Siwema alisoma mpaka darasa la saba, akaishia hapo. Sekondari hakuifikia. Lakini sekondari ilimfuata yenyewe, ikiwa na kurasa mia moja na kumi na mbili na jalada la kijani: riwaya iitwayo *Dirisha Namba Nne*, ya marehemu Mwalimu Lugusha. Aliiazima maktabani mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na tano, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na hakuwa na kichwa cha kusuka. Tangu hapo alikuwa ameshaiazima mara kumi na saba.

Kibandani kwake watu hawakulipia nywele tu. Mteja alikaa kwenye kigoda, akashika kitabu kwa mikono miwili usawa wa kifua, na Siwema akasimama nyuma yake akisuka huku anasoma kwa sauti, macho yamepita juu ya kichwa. Msuko wa haraka ulikuwa sura mbili. Ukitaka mikia midogo midogo, unapata riwaya nzima na maoni ya majirani. Mikono ilishazoea hivyo mpaka Siwema akawa hawezi kusoma bila nywele za mtu vidoleni. Ukimpa kitabu mikono mitupu, herufi zilikuwa zinamtawanyika kama kuku.

"Soma basi wewe mwana, mbona umenyamaza kwenye utamu?" Mama Chausiku aligomba siku hiyo mambo yalipoanza.

"Umeshusha kitabu, mama. Nasoma mapaja yako?"

"Mikono imechoka!"

"Bi Kilua kasimama siku tisa."

"Haya, haya." Mama Chausiku akainua kitabu. "Yule Bi Kilua naye alituzidi. Siku tisa anataka karatasi ya kusema mumewe amekufa, na mume mwenyewe wanamjua kafa, walikula wali wa matanga!"

Ndiyo hadithi yenyewe. Mjane Bi Kilua anajipanga mbele ya dirisha namba nne la ofisi kubwa, siku tisa dirisha halifunguki, na nyuma yake foleni inarefuka mpaka watu wanapikiana uji, wanachumbiana, mtoto anazaliwa humo. Siku ya tisa Bi Kilua anasukuma dirisha kwa kiganja. Nyuma ya dirisha hakuna chumba. Ni ukuta tu, mtu aliubandikia dirisha. Basi anageuka na kuwaambia walio nyuma yake: "Jamani, tumejipanga mbele ya ukuta." Siwema kila akifika hapo vidole vilikuwa vinasimama vyenyewe, na mteja hakuwa anauliza kwa nini.

Kabla hawajafika hapo siku hiyo, mlango ulizibwa na wanaume wawili wenye suti za rangi moja.

"Siwema Mtulia ni nani?"

"Ni mimi. Mnasuka au mnanyoa?"

Hawakucheka. Mmoja akafungua karatasi akasoma. Nchi imetengeneza filamu yake ya kwanza, kutokana na riwaya tukufu ya *Dirisha Namba Nne*. Sheria ya Mfanano inataka filamu ilinganishwe na kitabu na mtu aliyesoma kitabu. Zilichapwa nakala mia mbili. Mia moja tisini na tisa ziligawiwa kwa waheshimiwa wabunge, kwa hiyo hazijulikani ziliko. Nakala iliyobaki ni ya maktaba hii, na kwenye kadi yake kuna jina moja tu, limejirudia mara kumi na saba.

"Hivyo," akamalizia, "wewe ndiye Msomaji wa Taifa. Kesho saa tatu, Idara ya Mfanano. Uje na kitabu."

Walipoondoka, mkutubi Mzee Habakuki akaingia kibandani kwa mlango wa nyuma. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye miaka sabini, na alivaa koti la suti kila siku ili kama kuna mkaguzi atakuja amkute amevaa. Mkaguzi hakuwahi kuja.

"Mwanangu, hiyo sheria nimeisoma," akasema kwa sauti ya chini. "Kaa chini kwanza."

"Nina kichwa cha mtu hapa, babu."

"Basi sikiliza ukiwa umesimama. Ukisema filamu na kitabu ni sawasawa kabisa, kitabu kinachomwa. Sheria inasema nchi haiwezi kutunza kitu kimoja mara mbili. Ukisema zimetofautiana sana, kitabu kinasahihishwa ili kifanane na filamu. Wana kalamu nyekundu ofisini, nimeziona, boksi zima."

"Kwa nini wasisahihishe filamu?"

"Filamu ameigiza mpwa wa Waziri."

Mama Chausiku akaguna. Siwema akavuta mkia wa nywele, akaukaza. "Kwa hiyo hakuna pa kutokea?"

"Kitundu kipo. Tofauti zikiwa kuanzia moja mpaka tatu, vyote viwili vinabaki kama vilivyo. Zikizidi tatu, basi."

"Tatu," Siwema alisema.

"Tatu, mwanangu. Usiwape ya nne."

* * *

Mkurugenzi wa Mfanano aliitwa Bwana Lukwembe. Alikuwa na upara uliong'aa na meza ndefu kiasi kwamba akitaka kupeana mkono na mgeni lazima mmoja wao azunguke. Pembeni alikaa katibu wake, Bi Leokadia, mama wa makamo mwenye nywele nyingi nyeusi alizozifunga kwa kitambaa cha ofisi. Na kwenye kona alikaa karani wa kusahihisha, ameshafungua boksi la kalamu nyekundu na kuzipanga kwa urefu.

"Elimu?" Mkurugenzi akauliza.

"Darasa la saba."

"Vizuri sana. Anayeweza kuhesabu mpaka tatu anatutosha. Waliosoma zaidi huwa wanaendelea." Akaegemea kiti. "Binti, kitabu ni kitu cha maneno. Filamu ni kitu cha kuonekana. Taifa linaloonekana ni kubwa kuliko taifa linalosemwa. Umenielewa?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Safi. Tuanze."

Filamu ilioneshwa kwenye ukuta wa ofisi, saa tatu na nusu asubuhi, jua limejaa chumba kizima. Watu kwenye ukuta walionekana kama madoa ya chai. Mkurugenzi alisema uzalendo haujali mwanga. Siwema akafungua kitabu, akatazama ukurasa wa kwanza, na herufi zikatawanyika.

"Mheshimiwa, siwezi kusoma bila kichwa."

"Kichwa gani? Si unacho?"

"Cha kusuka. Mikono ikiwa mitupu sioni maneno."

Mkurugenzi akapapasa upara wake, akaona hauwezi kusaidia taifa kwa jambo hili. Wote wakamgeukia Bi Leokadia. Bi Leokadia akafungua kitambaa taratibu, akasema, "Mwezi wa tatu huu natafuta nafasi ya kusuka, kumbe ningeisubiri serikali." Akaketi kwenye kigoda mbele ya Siwema, akapewa kitabu akishike usawa wa kifua, kama mteja yeyote.

"Ukiona tofauti, andika," akasema Mkurugenzi.

"Mikono itakuwa kwenye nywele. Labda kila tofauti nisuke mkia mmoja, tuhesabu mwishoni."

Mkurugenzi alipenda. Yeye mwenyewe akaandika kwenye daftari la kikao, kwa mkono wake: *Tofauti zitatunzwa kichwani mwa Katibu, na kichwa hicho ndicho kumbukumbu halali.* Akasaini. Akagonga muhuri.

Filamu ikaanza. Akatokea kijana mwenye miwani myeusi, amepanda pikipiki.

"Huyu ni nani?" Siwema akauliza.

"Bi Kilua," Mkurugenzi akajibu.

Siwema akaanzia kisogoni, kama kawaida ya wasusi, akasuka mkia wa kwanza.

"Kwenye filamu anaitwa Kapteni Kilua. Mjane hana mvuto wa kimataifa."

"Na mume aliyekufa?"

"Hakufa. Katika kipindi cha serikali hii tuliona si vizuri afe. Yule pale, anacheza mpira."

Mkia wa pili. Wa tatu. Mume akafunga bao, wa nne. Siwema alikuwa na tabia ya kutopitwa na kitu, na siku hiyo tabia hiyo ilimponza. Alijitahidi macho yasione, lakini vidole vilikuwa vimezoea kweli, vikawa vinasuka vyenyewe. Alipofika utosini kwa Bi Leokadia, ikawa zamu ya foleni.

Kwenye ukuta hapakuwa na foleni. Kulikuwa na watu wamevaa mashada ya maua, wamejipanga mmoja nyuma ya mwingine, wanacheza na kupiga vigelegele.

"Hiyo ni harusi," Siwema akasema.

"Ndiyo. Foleni hatuna, tungeipiga picha wapi? Mtengenezaji alihitaji watu waliojipanga, na kwa sheria zetu jambo pekee ambalo watu wanaruhusiwa kujipanga bila kibali ni harusi. Kwa hiyo wanaoana."

"Siku tisa?"

"Wanapendana."

Mwishoni Kapteni Kilua alifika kwenye dirisha namba nne. Likafunguka kabla hajaligusa. Ndani kulikuwa na chumba kikubwa, zulia, karani anayetabasamu, juisi ya embe yenye mrija, karatasi iliyokwisha gongwa muhuri, na ajira. Mume akaingia na mpira wake. Wote wakaangalia juu, bendera ikapepea. Vidole vya Siwema vikasuka mkia wa mwisho, mbele kabisa, juu ya paji la uso wa katibu, vikasimama.

"Hesabu," Mkurugenzi akaamuru.

Karani wa kalamu nyekundu akaja akahesabu kwa kidole, mara mbili. "Arobaini na moja, mheshimiwa."

Bi Leokadia, ambaye muda wote huo alikuwa ameshika kitabu na kukisoma kimya kimya, alikuwa amebakiza ukurasa mmoja. Hakukishusha.

"Arobaini na moja," Mkurugenzi akarudia kwa huzuni ya kiofisi. "Uzinduzi ni Jumamosi, Waziri ameshaalika mabalozi, na kusahihisha kitabu kunahitaji kamati ya wajumbe ishirini na posho, lakini sheria ni sheria. Karani, chukua hicho kitabu. Anza na huyo mjane."

Karani akanyoosha mkono. Siwema aliangalia kitabu, akaangalia kalamu, kisha akaangalia kile alichokuwa anakielewa kuliko watu wote mle ndani, yaani nywele.

"Mheshimiwa, naomba nimalizie."

"Umalizie nini? Filamu imeisha."

"Filamu imeisha, kichwa bado. Siwezi kumwachia mtu mzima mikia inaning'inia kila upande. Kesho watasema Siwema wa maktaba ndiye kafanya hivi. Hata mteja anayekopa huwa namfungia."

"Mwache afunge, bosi," Bi Leokadia akasema bila kugeuka. "Mimi nitarudije nyumbani hivi?"

Mkurugenzi akatazama saa, akapunga mkono.

Siwema akakusanya mikia ya kisogoni yote, akaizungusha, akaikaza kuwa fundo moja. Akakusanya ya utosini, fundo la pili. Akakusanya ya mbele, fundo la tatu, likakaa juu ya paji la uso kama pembe. Hakuharakisha. Kila fundo alilichoma pini mbili, akalipaka mafuta, akarudi nyuma hatua moja kuliangalia.

"Haya," akasema. "Hesabuni sasa."

Karani akahesabu. Akahesabu tena. "Tatu."

"Haiwezekani!" Mkurugenzi akafungua daftari la kikao. Akasoma: *kichwa hicho ndicho kumbukumbu halali.* Akaona saini, ya kwake. Akaona muhuri, wa kwake. Alikuwa mtu aliyeheshimu maandishi yake kuliko ya mtu yeyote, hata kuliko ya Mwalimu Lugusha ambayo hakuwahi kuyasoma. Na taratibu, macho yake yakaanza kuona Jumamosi ikirudi mahali pake.

"Tofauti tatu," akasema. "Zinaitwaje?"

Siwema akagusa kisogo. "Hii ni mwanzo." Akagusa utosi. "Hii katikati." Akagusa pembe. "Na hii ndiyo mwisho."

"Mwanzo, katikati na mwisho tu?"

"Basi."

"Ah!" Mkurugenzi akavuta pumzi ndefu. "Hizo ndogo ndogo. Karani, rudisha kalamu kwenye boksi."

* * *

Jumamosi alasiri ukumbi wa taifa ulijaa. Waziri wa Mipangilio alipanda jukwaani, na nyuma yake akapandishwa Bi Leokadia, aliyekatazwa kuosha kichwa kwa siku nne kwa kuwa alikuwa Kiambatanisho A.

"Ndugu wananchi," Waziri akanguruma, "walikuwepo waliosema hatuwezi. Leo hati ya mfanano ninayo mkononi. Filamu yetu inafanana na kitabu chetu kwa kiwango ambacho dunia haijawahi kukiona. Tofauti ni tatu tu, kwa mujibu wa sheria. Nazo ni mwanzo, katikati na mwisho!"

Watu walipiga makofi dakika kumi na moja. Mabalozi nao wakapiga, mmoja akiandika kitu kwenye kijitabu. Siwema alikuwa amekaa viti vya nyuma na Mama Chausiku, ambaye alimsogelea sikioni.

"Mwanzo tofauti, katikati tofauti, mwisho tofauti. Kilichofanana ni nini sasa?"

"Jalada," akasema Siwema.

"Filamu ina jalada?"

"Haina."

Mama Chausiku akajiziba mdomo kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika. Lakini hakuwa peke yake aliyejiuliza. Safu ya mbele yao mwanamume mmoja alimwuliza mkewe, mkewe akamwuliza dada yake, na filamu ilipofika kwenye harusi ya siku tisa ukumbi mzima ulikuwa unanong'ona swali moja: kwenye kitabu ilikuwaje?

Jumatatu asubuhi Siwema alikwenda maktabani kuazima mara ya kumi na nane, akasimama ghafla. Kuanzia dirisha la Mzee Habakuki, kupita kibanda chake, kupita hata mahali bomba lilipokuwa kabla halijakamatwa, watu walikuwa wamejipanga mmoja nyuma ya mwingine. Wanawake kadhaa walishasukwa mafundo matatu. Walikuwa wanauita msuko wa tofauti. Mbele kabisa alisimama Bi Leokadia mwenyewe, aliyechukua ruhusa ya ugonjwa ili asome ule ukurasa mmoja uliobaki.

Siwema akaenda mwisho wa mstari. Alikuwa wa sitini na tatu.

Hapo ndipo askari alipotokea, na daftari mkononi.

Kitabu kilikuwa kimeponea kalamu nyekundu, na sasa kingekamatwa kama bomba. Askari akatembea kando ya mstari kutoka nyuma mpaka mbele, akarudi mpaka katikati, akakohoa.

"Hii ni nini? Ni foleni?"

Mama Chausiku, wa kumi na mbili, akageuka polepole.

"Foleni? Kwani nchi hii ina foleni, mwanangu?"

"Haina."

"Zilifutwa au hazikufutwa?"

"Zilifutwa, mama."

"Sasa unaulizia kitu kilichofutwa, una tatizo na Waziri?"

Askari akalegea. "Mimi nauliza tu. Watu wamejipanga. Kibali kiko wapi?"

"Wewe filamu ya taifa umeiona?"

"Nimeiona."

"Watu waliojipanga mule walikuwa wanafanya nini?"

Askari akafikiri. "Harusi."

"Ala!" akasema Mama Chausiku, akapiga kigelegele kilichotoa kunguru kwenye paa la maktaba. Watu sitini na wawili wakakipokea. Mtu akaanza kupiga makofi ya ngoma.

Askari akafungua daftari. "Bibi harusi?"

Vidole vyote vikaelekea mbele. Bi Leokadia, na pembe yake juu ya paji la uso, akainamisha macho kwa haya.

"Bwana harusi?"

"Nipo," Mzee Habakuki akajibu kutoka dirishani, akifunga kifungo cha koti. Hatimaye alikuwa amekuja mtu wa kumkuta amevaa.

"Na hawa wote?"

"Wageni waalikwa."

Askari akaandika. Akafika kwa Siwema. "Na wewe?"

"Mimi ndiye niliyemsuka bibi harusi."

Hilo akaliandika pia, maana lilikuwa kweli. Kisha akafunga daftari, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akavua kofia na kuibana kwapani. Akazunguka, akaja kusimama nyuma ya Siwema.

Mstari ukasogea hatua moja. Askari akasogea. Baada ya muda akainama karibu na bega lake.

"Dada," akanong'ona, "eti ni kweli kwenye kitabu lile dirisha..."

"Subiri zamu yako, afande," akasema Siwema.